Sura ya Sita: Maziko ya Jumatatu

Saa nne kasorobo asubuhi ya Alhamisi, Inspekta alisimama katikati ya chumba cha kurekebishia vitabu akahesabu vitu ambavyo mwizi hakuvichukua. Kompyuta ndogo mbili. Kamera ya chuo, mpya kabisa, bado na kikaratasi cha dukani kwenye mkanda wake. Redio. Simu ya mtu iliyosahaulika kwenye chaji tangu Jumatatu.

"Mwizi mwenye adabu," alisema Koplo, aliyeegemea mlango na daftari mkononi. "Pengine naye anasomea theolojia."

"Andika, usihubiri."

Kilichotoweka kilikuwa kitabu kimoja tu, Zaburi ya Mkono. Wanafunzi wa kwanza wa chuo hiki walikinakili kwa wino, kila mmoja zaburi zake, kisha wakakishona na kukifunga kwa jalada la mbao. Nakala ya pili haikuwepo. Jumamosi kilitakiwa kuwekwa mbele ya wageni wa mahafali, na mpaka Jumatatu saa tano kilikuwa hapa, juu ya meza ya dirishani.

Nje ya dirisha hilo chuo kizima kilikuwa mbioni. Mafundi walikuwa wakisimamisha mahema uwanjani, kwaya ilikuwa ikirudia mstari uleule kwa mara ya tisa kwa sababu sauti ya pili ilikuwa ikipotea njiani, na kwenye veranda ya jengo la utawala wahitimu walikuwa wamepanga foleni kupimwa majoho. Ubao wa matangazo ulijaa karatasi: muhadhara wa mgeni leo jioni, chai ya waliohitimu zamani kesho, mazoezi ya maandamano saa saba. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kana kwamba mwandishi alitaka isisomwe, palikuwa na karatasi nyingine: Baraza la Nidhamu, leo, saa nane mchana. Jina la mwanafunzi halikuandikwa. Halikuhitajika.

Mwanafunzi mwenyewe alifika akasimama kizingitini, hakuingia.

"Nimekatazwa kuvuka hapa," alisema.

"Leo nimekuruhusu mimi. Pita, Mama."

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mkubwa kuliko wenzake wote darasani, na hata baadhi ya walimu. Kwa miaka sita alikuwa akisoma na wakati huohuo akirekebisha vitabu vya maktaba, na wanafunzi walimwita Mama Gundi mpaka wageni wakadhani ndilo jina lake. Kitu cha kwanza alichofanya baada ya kuingia ni kunyoosha brashi iliyolala upande juu ya kopo la gundi. Kisha akakunja mikono kama mtu aliyejikuta akigusa mali ya wengine.

Inspekta alimwomba aeleze upya, polepole. Mama Gundi alisema kwamba Jumatatu saa tatu alisaini kuchukua ufunguo wa kabati la kioo, akakitoa kitabu, akakileta hapa kwa sababu kurasa tatu zilikuwa zimeachia uzi. Alishona mpaka saa tano. Alipomaliza alikifunika vumbi lisikiguse, akafunga mlango na kukimbilia ibada ya mchana. Alichelewa dakika kumi. Watu arobaini walimwona akiingia huku akihema, na dakika hizo kumi sasa zilikuwa kosa lake la kwanza.

Kosa la pili lilikuwa ufunguo. Chumba hiki kilikuwa na funguo mbili tu: mmoja wake, na mwingine wa Mkutubi, ambao daima ulikuwa shingoni mwa Mkutubi kwenye utepe wa kijani. Na Mkutubi alikuwa ameandika maelezo yake mbele ya Mkuu wa Chuo na kuyatia sahihi. Koplo aliyasoma kwa sauti. Saa tano na robo, wakati wa ibada, Mkutubi aliwafungulia wafanyakazi waje kuchukua kikapu cha vitabu vya maziko. Alisimama mlangoni mpaka walipomaliza. Alikiona kitabu bado kiko mezani. Akafunga.

"Kwa hiyo baada ya ufunguo wake, umebaki wako," alisema Inspekta.

"Ndivyo wanavyosema."

"Na baada ya ibada?"

"Tulitoka kwa maandamano moja kwa moja mpaka mazikoni, nyuma ya kanisa. Mimi nilikuwa naongoza wimbo. Mwenye kuongoza wimbo hatoki, Inspekta, hata akisikia nyumba yake inaungua. Nilirudi hapa saa saba. Mlango ulikuwa umefungwa, meza iko tupu."

Koplo aliuliza ni maziko ya nani. Ilibidi waeleweshwe. Kila mwaka, wiki ya mahafali, Biblia na vitabu vya nyimbo vilivyochakaa hadi havishoneki tena havichomwi wala havitupwi. Huvishwa sanda ya bafta nyeupe, husomewa sala, hushushwa katika shimo lililojengewa kwa matofali. Mama Gundi ndiye aliyekuwa akivichagua na kuviandika. Inspekta alivuta daftari lenye jalada jeusi kutoka rafuni, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa mwaka huu. Mwandiko ulikuwa wima na safi. Ishirini na tatu.

"Pale shimoni chuo kizima kilikuwepo?"

"Wote. Kuanzia Mkuu hadi wapishi."

"Basi chuo kizima hakikuiba," alisema Koplo, na akafunga daftari lake kwa huzuni.

Inspekta aliuliza kama kuna la kuongeza. Mama Gundi aligeukia meza ya dirishani.

"Watoto wangu wanne wanafika kesho. Wameshashonesha nguo za rangi moja. Baraza likinikuta na hatia, jina langu linafutwa leo hii na siruhusiwi kuomba tena. Sijawaambia. Nilikuwa nasubiri mtu aniulize vizuri."

---

Koplo alikuwa na mtu wake, na alikuwa akimpenda tangu asubuhi. Mhadhiri mgeni. Alikuwa ameandikia chuo barua tatu akiomba Zaburi ya Mkono asafiri nayo kwa uchunguzi, na mara tatu alinyimwa. Alifika Jumatatu hiyohiyo, karibu na saa hiyohiyo, akiwa na sanduku ambalo mlinzi alisema lilihitaji watu wawili kulinyanyua.

"Barua tatu, afande. Mimi mke wangu nilimwandikia mbili tu."

Nyumba ya wageni ilikuwa ng'ambo ya barabara, nje ya lango la chuo. Mhadhiri mgeni aliwapokea kwa upole, akiwa na soksi bila viatu, na alipoombwa kulifungua sanduku alilifungua bila kinyongo. Ndani mlikuwa na nakala kumi na mbili za kitabu alichokiandika mwenyewe, mashati mawili, na dawa za tumbo za kutosha kijiji. Koplo alipekua mpaka chini. Mgeni alimpa nakala moja ya kitabu chake na kuiandikia maneno ya heri.

Kuhusu Jumatatu alisema kwamba hakuingia chuoni kabisa mpaka jioni. Alishuka langoni saa tano na dakika kumi, na Mkutubi mwenyewe alikuja kumpokea. Mama mwema sana. Alimvusha barabara, akamwonyesha chumba, akahangaika na bomba la maji ya moto lililokataa kutoa maji ya moto, na alikaa naye karibu nusu saa.

Inspekta aliacha kuandika. "Una hakika na saa?"

"Nilikuwa nahesabu dakika, mwanangu. Nilikuwa nataka kuoga."

Mlinzi wa lango alikuwa mtu wa kuandika. Kitabu chake kilikuwa na kila kitu kilichopita pale: magari, wageni, tanuri la keki, mbwa wa jirani mara mbili. Jumatatu, saa tano na dakika kumi, Mhadhiri mgeni, amepokelewa na Mkutubi. Sahihi ya Mkutubi pembeni, yenye mkia mrefu. Saa tano na dakika kumi na mbili, ametoka naye. Saa tano na dakika arobaini na moja, Mkutubi amerudi peke yake.

Inspekta aliomba kukiazima kitabu hicho. Mlinzi aliandika kwamba amekiazima, kwenye ukurasa uleule, kisha akamkabidhi.

"Kwa hiyo saa tano na robo hakusimama kwenye mlango wowote," alisema Koplo walipokuwa wakivuka uwanja. "Tumkamate?"

"Kwa kukosa kusimama mlangoni? Kwanza nataka kujua kikapu kilifikaje kanisani."

Kasisi wa chuo walimkuta akipima kwa hatua zake nafasi ya viti vya maaskofu. Aliwajibu huku akihesabu. Kikapu alikikuta kwenye mlango wa chumba cha mavazi ibada ilipokwisha, kimefunikwa vizuri kama kila mwaka. Nani alikileta, hakuona, maana alikuwa madhabahuni. Lakini maziko yenyewe alitaka sana kuyasimulia. Yalikuwa mazuri kuliko ya miaka yote. Darasa la wahitimu lina watu ishirini na watano. Mmoja aliongoza wimbo, na waliobaki kila mmoja alishusha kitabu chake kwa mkono wake. Hakuna aliyerudi mikono mitupu. Miaka mingine vitabu hupungua, mtu mmoja au wawili hubaki wakitazama viatu vyao.

"Mmoja tu alilalamika kwamba chake kizito kama tofali," alisema Kasisi, akicheka. "Nikamwambia, Neno ni zito, mwanangu."

"Walioshusha walikuwa wangapi?"

"Ishirini na nne. Nina orodha."

Orodha ilikuwa imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha mavazi. Majina ishirini na manne, na mbele ya kila jina alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Inspekta aliihesabu kutoka juu kwenda chini, akaihesabu tena kutoka chini kwenda juu. Daftari lenye hesabu ya ishirini na tatu lilikuwa maktabani. Karatasi yenye ishirini na nne ilikuwa hapa. Kati ya hivyo viwili palikuwa na uwanja, mahema na kwaya, na tangu Jumatatu hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuvisoma pamoja.

Mama Gundi alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya kanisa, peke yake. Wenzake walikuwa kwenye foleni ya majoho. Yeye hakuitwa kupimwa. Inspekta alikaa kando yake.

"Umesema ulikifunika kitabu. Ulikifunika kwa kitu gani?"

"Kwa kitambaa."

"Kitambaa gani?"

Mama Gundi alifungua kinywa kujibu kama mtu anayejibu jambo dogo, halafu mkono wake ukaenda kifuani.

"Bafta," alisema. "Kipande kilichobaki. Ndicho pekee kilichokuwa safi mle ndani."

"Ulikizungushia vipi?"

"Kama ninavyozungushia vyote. Mikono imeshazoea."

Inspekta alitazama saa yake. Saa sita na dakika ishirini.

---

Mkutubi alikuwa ofisini kwake akipanga kadi za majina ya wageni wa Jumamosi. Utepe wa kijani ulikuwa shingoni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nadhifu, isipokuwa leo mikono ya blauzi yake ilikuwa na vumbi la kijivu mpaka kwenye viwiko, vumbi la chini ya vitanda na juu ya makabati. Maktaba yake haikuwa na vumbi la namna hiyo.

Inspekta alimuuliza Jumatatu saa tano na robo alikuwa wapi. Alijibu kwamba ameshaandika. Inspekta aliweka kitabu cha mlinzi juu ya kadi, akakifungua penye ile sahihi ya mkia mrefu. Nje, sauti ya pili hatimaye iliipata njia na kwaya ikafika mwisho wa mstari.

"Ufunguo ulimpa nani?"

Mkutubi alizipanga kadi zilezile upya.

"Nilimpa baba."

Baba yake alikuwa amefundisha vitabu vya manabii chuoni hapo kwa miaka arobaini, na wanafunzi walimwita Mzee wa Manabii. Alikuwa ameshastaafu. Lakini kila mwaka, wengine wakiwa ibadani, yeye ndiye aliyebeba vitabu vya maziko, na binti yake hakuwa na moyo wa kumkatalia. Jumatatu mgeni alipofika mapema, Mkutubi alivua utepe, akampa baba yake, akakimbilia langoni. Ni kosa la kufukuzwa kazi, kuuachia ufunguo huo. Lakini hilo, alisema, halikuwa lililomfunga mdomo. Mwaka huu Mzee alikuwa ameanza kusahau. Alirudi kutoka ibadani na mwavuli wa mtu. Miwani yake ilikutwa ndani ya kopo la sukari. Zilipoenea habari kwamba Zaburi ya Mkono haipo, binti hakuwa na shaka hata kidogo. Tangu Jumatatu alikuwa akipekua nyumba ya baba yake kila Mzee alipolala mchana, masanduku, makabati, mpaka ndani ya pipa la mchele, ili akirudishe kitabu kimyakimya.

"Na ukaandika kwamba ulikiona mezani."

"Ili wasimwendee."

"Wakamwendea Mama Gundi."

"Nilijua nitakipata kabla ya Alhamisi."

"Leo ni Alhamisi."

Mkutubi alikaa. Inspekta akauliza swali ambalo Koplo hakulitarajia.

"Ulimuuliza?"

"Nimuulize nini?"

"Baba yako. Kwamba alibeba nini."

"Ningemuulizaje baba yangu kama ameiba?"

---

Nyumba ya Mzee wa Manabii ilikuwa ya mwisho kwenye safu ya nyumba za walimu. Alikuwa barazani na kitabu mapajani na kioo cha kukuzia herufi mkononi. Inspekta alimpa shikamoo, Koplo akafuata, na Mzee akaitikia zote mbili kwa pamoja na kuwaelekeza viti.

"Karibuni. Msikae mbali, siambukizi. Binti yangu anasema naumwa. Ugonjwa wenyewe hajaniambia."

Binti alikuwa amebaki kwenye ngazi. Inspekta hakuzunguka.

"Mzee, Jumatatu ulibeba vitabu vingapi?"

"Ishirini na nne."

Hakufikiri, hakukuna kichwa. Koplo alikuwa hajafungua hata daftari.

"Una uhakika?"

"Kikapuni vilikuwa ishirini na tatu. Nilivihesabu, navihesabu kila mwaka. Ni wazee wenzangu. Nikawa natoka, nikaona kimoja kiko kwenye meza ya dirishani. Kimeshavishwa, kimeshafungwa, kiko peke yake. Nikasema, maskini, wamekusahau. Sikuweza kukiacha pale wenzake wakienda." Alikishusha kile kioo. "Nikakiweka juu ya wenzake. Mbona hivyo? Hakikutakiwa kwenda?"

Mkutubi alikuwa amekaa kwenye ngazi, amejishika kichwa kwa mikono yote miwili. Mzee alimtazama binti yake, akamtazama Inspekta, na uso wake ukakusanya mambo polepole, moja baada ya jingine, kama mwalimu anayekusanya karatasi za mtihani.

"Siku tatu," alimwambia binti yake, "umekuwa ukifagia chini ya kitanda changu. Nikadhani ni mapenzi."

"Ni mapenzi, baba."

"Basi siku nyingine yaambie yaniulize."

Alinyanyuka, akaomba fimbo yake.

---

Saa saba na dakika ishirini na tano walikuwa watu sita kuzunguka kipande cha udongo nyuma ya kanisa, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kukigusa. Kasisi alikuwa amesimama katikati, mikono nyuma. Alieleza, bila hasira, kwamba tangu chuo kianze shimo halijawahi kufunguliwa baada ya sala. Vilivyozikwa vimezikwa. Akiulizwa na maaskofu Jumamosi aseme nini?

"Waambie ulisomea sala vitabu ishirini na tatu vilivyokufa," alisema Inspekta. "Kimoja kilikuwa hai."

Kasisi alitafakari. Alisema atakubali kwa masharti mawili: Mkuu wa Chuo aridhie, na hakuna sanda itakayofunguliwa kutafuta. Koplo alitumwa kwa Mkuu. Alikwenda mbio, jambo ambalo Inspekta hakuwa ameliona kwa miaka mitatu, akarudi na karatasi yenye mistari miwili. Mkuu aliruhusu. Lakini Baraza lilikuwa limeshakusanyika ukumbini na saa nane itakuwa saa nane. Kama shimoni hamna kitu, kikao kitaendelea kwa ushahidi uliopo, na Inspekta atalieleza Baraza kwa nini amefukua kaburi la chuo siku mbili kabla ya mahafali.

Habari ilifika kwenye mazoezi ya maandamano kabla ya majembe. Wahitimu waliacha mistari yao wakaja jinsi walivyo, wengine na majoho yenye pini za fundi, mmoja na mkono mmoja tu wa joho. Walivua, wakayatundika kwenye ua wa michongoma, wakagawana majembe mawili na beleshi moja, na waliokosa walichimba kwa mikono. Mvua ya Jumanne ilikuwa imeufanya udongo kuwa mzito. Hakuna aliyeimba. Koplo alikuwa akitaja saa kila baada ya dakika tano mpaka mtu mmoja alipomwomba kwa heshima anyamaze.

Saa nane kasoro dakika kumi na mbili jembe liligonga bati lililofunika shimo. Waliliinua. Chini yake matofali yalikuwa yakavu, na vifurushi vyeupe vilikuwa vimelala kwa safu, ishirini na nne, vyote sawa machoni.

"Sasa?" aliuliza Kasisi. "Nimesema havifunguliwi."

Mama Gundi alikuwa nyuma ya wote. Walimpisha bila kuambiwa. Alivua viatu, akashuka shimoni, akapiga magoti kwenye tofali la pembeni. Hakukifungua hata kimoja. Alikunja kidole na kugonga kifurushi cha kwanza, taratibu, kama mtu anayebisha kwa mgonjwa. Sauti ilikuwa butu, ya karatasi na kitambaa. Akagonga cha pili. Butu. Kila alichokigonga alikigusa kidogo kwa kiganja kabla ya kuendelea, na watu wote juu walikuwa wameinama kana kwamba nao wanasikiliza kwa miguu. Kengele ya chuo ilianza kupiga saa nane. Katikati ya mapigo hayo aligonga kifurushi cha kumi na tisa, kikajibu kwa sauti ya mlango.

Aligonga tena, kengele ilipokwisha, ili wote wasikie. Mbao.

Alikinyanyua juu ya kichwa kwa mikono miwili, na sauti iliyotoka kwa wenzake haikuwa wimbo wala haikuwa kelele, ilitoka tu. Walimvuta juu pamoja na kitabu. Koplo, aliyekuwa akijitangaza mtu asiyeamini chochote, alikuwa amemkumbatia Kasisi.

Wajumbe wa Baraza walikuja wakikata kona ya kanisa, sita pamoja na Mkuu wa Chuo aliyetangulia mbele, maana saa nane ilikuwa imeingia na ukumbi hauna mshitakiwa wala shahidi. Walisimama ghafla mbele ya udongo. Mkutubi ndiye aliyekwenda kuwakuta. Hakumsubiri Inspekta. Alisema kwa sauti ya kusikika kwamba maelezo yake ya Jumatatu yalikuwa ya uongo, kwamba hakuna wafanyakazi aliowafungulia, hakukiona kitabu wala hakusimama mlangoni, kwamba ufunguo aliutoa yeye. Alivua utepe wa kijani akaukabidhi. Mzee wa Manabii alisimama kando yake muda wote huo, akiegemea fimbo, na alipomaliza alisema kwamba aliyekibeba ni yeye, na kama kuna karatasi ya kutia sahihi waiandike kwa herufi kubwa.

Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliwageukia wajumbe wake, akawauliza kama kuna mwenye neno. Hakuna. Alitangaza palepale, amesimama kwenye matope na viatu vyake vya Jumamosi, kwamba hakuna wizi, hakuna shauri, na orodha ya wahitimu inabaki na majina yote ishirini na matano. Karatasi ya ubaoni ataibandua yeye mwenyewe. Fundi wa majoho, aliyekuwa amefuata majoho yake mpaka kwenye michongoma, alimshika Mama Gundi bega na kuanza kumpima bila kumwomba ruhusa.

Mama Gundi hakuwa akimsikiliza Mkuu wala fundi. Alikuwa amekilaza kifurushi juu ya meza iliyoletwa kutoka mahemani, na alikuwa akifungua fundo la bafta kwa ncha za vidole. Jalada lilikuwa kavu. Alinusa pembe zake nne. Alifungua ukurasa wa kwanza upana wa kidole, akautazama kwa upande, akaurudisha. Unyevu kidogo kwenye mshono, alisema, hauna neno, lakini unataka kazi sasa hivi, si kesho. Alimwita Mkutubi. Mkutubi alikuja taratibu na kuanza kusema samahani. Mama Gundi alimwambia kwamba maneno hayo yatapata siku yake na yatakuwa mengi. Kwa sasa amletee karatasi za kunyonya maji, zile nene, na taa ya mezani. Mkutubi aliondoka mbio.

Wajumbe wa Baraza walikuwa wamesogea mmoja mmoja mpaka wakaizunguka meza. Wengi wao hawakuwahi kukiona kitabu hicho bila kioo mbele yake. Mkuu wa Chuo alitoa kitambaa mfukoni, akapangusa jasho, akainama karibu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye binafsi anamwomba radhi, na kwamba kama kuna jambo lolote anaweza kulifanya, aseme tu. Na huku akisema, mkono wake ulikuwa ukienda kwenye jalada.

Mama Gundi alimzuia kwa nyuma ya kiganja, bila kuinua macho.

"Kanawe mikono kwanza, Mkuu. Kwa sabuni. Halafu urudi unishikie hapa."

Mkuu wa Chuo aliviangalia viganja vyake, akaenda kunawa. Wajumbe watano wakamfuata.